Kubadilisha kadi ya grafiki na pawa saplai ya kompyuta ya mezani, Mombasa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huja kwa simu, kwa WhatsApp, na kwa watu wanaoingia mlangoni wamepakata kompyuta mikononi. Wengi ni vijana wa gemu. Wapo pia wahariri wa video za harusi, wachoraji wa ramani za nyumba, na wazazi wanaotaka kuelewa mtoto anaomba kitu gani hasa. Bei sikuziweka, maana za leo si za wiki ijayo.

Nianze kununua kadi au pawa saplai?

Pawa saplai. Najua kadi ndiyo unayoiota, kwa kuwa ndiyo inayochora picha unazoziona kwenye skrini. Lakini kila kitu ndani ya kasha kinakula umeme kutoka kwa pawa saplai, na ikifa vibaya haifi peke yake: inaweza kuondoka na ubao mama (ule ubao mkubwa unaounganisha kila kitu), na diski yenye kazi zako, na hiyo kadi mpya. Kadi ya zamani juu ya pawa saplai nzuri itakuchelewesha tu. Kadi nzuri juu ya pawa saplai mbovu itakutia hasara.

Kama pesa zinaingia kidogo kidogo, chukua pawa saplai kwanza, endelea kutumia kompyuta ilivyo, kadi ifuate baadaye. Pawa saplai ya maana utahama nayo hadi kompyuta nyingine. Nyingi za daraja la kati huja na dhamana ya miaka 5, na za juu hufika 10.

Fundi, yangu ni Dell ya ofisini, ya mtumba. Itakubali kadi?

Hili ndilo swali la Mombasa, kwa sababu kompyuta nyingi za mezani hapa zimetoka maofisini ng'ambo: Dell OptiPlex, HP EliteDesk na ProDesk, Lenovo ThinkCentre. Ni mashine imara sana. Ila zilitengenezwa kwa kazi za barua na hesabu, wala hakuna aliyewaza kadi kubwa.

Tazama umbo kwanza. Zile ndogo kabisa, za ukubwa wa kitabu kinene, hazina nafasi ya kadi ya kawaida, basi hapo usipoteze muda. Zile nyembamba zinazolazwa chini ya monita zinakubali kadi fupi tu, za nusu kimo, na ni lazima kadi ije na bati fupi la nyuma. Uliza bati hilo kabla ya kulipa, kwa sababu kadi nyingi za mtumba hufika bila hilo bati. Tawa yenyewe, iliyosimama, inakubali kadi ya kimo kamili, lakini pima urefu kwa futi ya fundi kutoka ukuta wa nyuma hadi kwenye vyumba vya diski.

Kisha tazama plagi ya pawa saplai kwenye ubao mama. OptiPlex 7010 ya 2012, ile tawa, inatumia plagi ya kawaida ya pini 24, kwa hiyo pawa saplai yoyote ya umbo la kawaida (ATX) inaingia. Iliyoifuata, OptiPlex 9020, ilihamia plagi ya Dell wenyewe ya pini 8. HP nao, kuanzia EliteDesk 800 G1, walihamia plagi yao ya pini 6. Hizi zinahitaji adapta ya kugeuza pini 24 kuwa 8 au 6. Adapta zipo na hufanya kazi, lakini agiza kwa jina kamili la modeli yako, usiseme tu "ya Dell". Na usijaribu kuingiza plagi ya umbo linalofanana kwa nguvu. Mpangilio wa volti ni tofauti, na ubao mama utaungua papo hapo.

Hakuna kadi ambayo haihitaji kubadilisha pawa saplai?

Zipo, na kwa mashine za ofisini ndiyo njia ninayoipenda zaidi. Tundu la kadi kwenye ubao mama lenyewe hutoa hadi wati 75. Kadi isiyozidi hapo inaweza kufanya kazi bila waya wa ziada: GT 1030 inakula wati 30, RX 6400 wati 53, RTX 3050 ya gigabaiti 6 wati 70, GTX 1650 wati 75. Hata hivyo baadhi ya GTX 1650 zilitengenezwa na tundu la pini 6 juu yake, basi itazame kadi yenyewe na si jina tu.

Kama unanunua mpya, ningekushauri RTX 3050 ya gigabaiti 6. Kuwa macho: ipo RTX 3050 nyingine ya gigabaiti 8 inayokula wati 130, na zote mbili zinaitwa jina moja. RX 6400 ni nafuu, lakini ina kasoro mbili kubwa. Inatumia njia 4 tu za PCIe (hilo tundu la kadi), kwa hiyo kwenye mashine ya zamani kasi inashuka, na haina sehemu ya kubana video. Mtu wa kuhariri harusi asiiguse.

Ukishapita wati 75, kadi inataka waya wake kutoka kwa pawa saplai. Waya wa pini 6 huongeza wati 75, wa pini 8 wati 150.

Pawa saplai yangu ina nguvu kiasi gani?

Fungua ubavu wa kasha, tafuta boksi la chuma ambalo waya wa ukutani unaingia. Ubavuni mwake kuna kibandiko chenye jedwali. Usisome namba kubwa iliyoandikwa kwa mapambo. Tafuta safu ya +12V, kwa sababu kadi na prosesa (ubongo wa kompyuta) karibu zote zinakula hapo, kisha zidisha ampea zake kwa 12.

Chukua mfano wa pawa saplai inayokuja bure ndani ya kasha la bei rahisi. Kwa maandishi makubwa imeandikwa 500W. Safu ya +12V inasema 18A. Mara 12, ni wati 216. Hizo nyingine ziko kwenye 3.3V na 5V, ambako kadi yako haina kazi nazo, au hazipo kabisa. Sasa chukua ya kweli ya wati 550: safu ya +12V inasema 45A, yaani wati 540. Tofauti hiyo unaiona kwenye kibandiko kabla hujatoa shilingi. Ukikuta 12V1 na 12V2, usizijumlishe kwa haraka, shuka chini kwenye mstari wa jumla ya zote mbili.

Ipime na kwa mkono vilevile. Pawa saplai nzuri ni nzito, kwa sababu ya chuma cha kupozea na koili zilizomo. Nyepesi sana, irudishe kwenye rafu.

Kwa hiyo nichukue ya wati ngapi?

Hesabu ni rahisi. Tuseme prosesa ni Core i5-4570, ambayo ni ya wati 84, na kadi ni RTX 3060, ya wati 170. Ongeza 50 za ubao mama, diski, RAM na feni. Unafika kama 300. Lakini kadi za kisasa huruka juu kwa muda mfupi kupita wati zake zilizoandikwa, na pawa saplai isiyo na akiba hujizima katikati ya gemu. Ndiyo maana NVIDIA, wanaotengeneza chipu za kadi za RTX na GTX, wanapendekeza wati 550 kwa kadi hiyo, na 550 kwa RTX 4060 pia. AMD, wenye kadi za RX, wanasema 450 kwa RX 6600, kadi ya wati 132 ambayo kwa maoni yangu ndiyo inayofaa zaidi kwa kijana wa gemu mwenye bajeti ya kati.

Ya wati 550 yenye alama ya 80 Plus Bronze au Gold kutoka kwa kampuni inayojulikana inawatosha wengi wanaoniuliza. Alama ya 80 Plus ni kipimo cha umeme unaopotea kama joto. Haikuambii kila kitu kuhusu ubora, lakini zile mbovu kabisa huwa hazina hata hiyo.

Kale kaswichi kekundu nyuma ya pawa saplai ni ka nini?

Ni ka kuchagua volti, 115 au 230. Kenya tunatumia volti 240, kwa hiyo lazima kasome 230. Mashine zilizotoka Marekani wakati mwingine hufika kakiwa 115. Ukichomeka hivyo utasikia mlio na harufu, na kazi imekwisha. Kaangalie kabla ya kugusa waya wa ukutani. Pawa saplai nyingi za kisasa hazina kaswichi hako, hujirekebisha zenyewe.

Pawa saplai mpya ni ya waya za kuchomoa. Naweza kuacha waya zangu za zamani ili nisifungue kila kitu?

Hapana, na tafadhali lichukue hili kwa uzito wote. Upande wa diski na kadi, plagi zinafanana kwa kila kampuni. Upande unaoingia kwenye pawa saplai, kila kampuni ina mpangilio wake, na hata modeli mbili za kampuni moja zinaweza kutofautiana. Plagi itaingia vizuri kabisa, volti 12 zitakwenda palipotakiwa 5, na diski zako zitakufa pamoja na picha za familia. Toa waya zote za zamani, weka zilizokuja kwenye boksi.

Adapta za kugeuza plagi ya diski ya SATA kuwa pini 6 za kadi ziepuke pia. Plagi ya SATA imekusudiwa kubeba ampea 4.5 kwenye volti 12, ambazo ni wati 54, na tundu la pini 6 linaweza kuvuta 75. Plastiki huanza kuyeyuka taratibu bila wewe kujua. Kadi kubwa zenye plagi mpya ya pini 16 zina somo lake: mwaka 2022 plagi za baadhi ya RTX 4090 ziliyeyuka, nyingi zikiwa hazikusukumwa hadi mwisho. Sukuma mpaka ikae kabisa, wala usiukunje waya karibu na plagi.

Kadi ya mtumba ni sawa?

Ni sawa ukiipima mwenyewe. Tarehe 15 Septemba 2022 Ethereum, sarafu ya kidijitali, iliacha mfumo wa kuchimba sarafu kwa kadi za grafiki, na kadi nyingi mno zilizokuwa zikifanya kazi hiyo usiku na mchana ziliingia sokoni, RX 580 zikiwa miongoni mwake. Kadi iliyochimba si lazima iwe mbovu. Kinachochoka zaidi ni feni, pamoja na krimu inayopakwa kati ya chipu na chuma cha kupozea, na vyote viwili hubadilishika.

Mwambie muuzaji aiwashe mbele yako. Endesha GPU-Z, programu inayosoma kadi ni ipi: kadi feki iliyobadilishwa jina huonyeshwa na neno FAKE mbele ya jina lake. GTX 1050 Ti zimeghushiwa sana, kwa kutumia chipu za zamani zaidi. Ukiona inadaiwa kuwa 1050 Ti na ina tundu la VGA, lile la monita za zamani, tia shaka kubwa. Kisha endesha FurMark (programu ya kuibana kadi ifanye kazi kwa nguvu zote) au gemu nzito kwa robo saa, ukitazama joto. Ikivuka nyuzi 85 ndani ya dakika chache, au skrini ikatoa vidoadoa na mistari ya rangi, shukuru na uondoke.

Halafu igeuze. Hapa Pwani tazama meno ya dhahabu yanayoingia kwenye tundu, na pembe za soketi za HDMI. Ukiona unga wa kijani kwenye shaba au madoa ya kutu kwenye skrubu za bati, kadi hiyo imekaa mbele ya upepo wa bahari. Huenda inawaka leo, ila sitakushauri uinunue.

Ukiwa unaagiza Nairobi na kutumiwa kwa basi, omba video ya kipimo hicho ikiwa na namba ya kadi, na mkubaliane kwa maandishi siku za kurudisha. Jamaa anayekuletea kutoka Dubai anakusaidia kwa bei, lakini dhamana mara nyingi hubaki huko huko.

Chumvi na joto la hapa vina madhara kweli, au ni maneno ya mafundi?

Yana madhara, na kompyuta kutoka Nyali, Shanzu au Likoni karibu na maji huonyesha wazi zaidi kuliko ya Mikindani. Hewa yenye chumvi hufyonza unyevu, unyevu huo ukikaa juu ya vumbi unakuwa njia ya umeme kupita pasipotakiwa. Feni ya pawa saplai ndiyo inayovuta hewa hiyo ndani kila siku. Ndiyo maana ukifungua kasha la mashine ya ufukweni, bati la nyuma la pawa saplai huwa limeota kutu wakati sehemu nyingine bado ni safi.

Iweke mbali na dirisha linaloelekea baharini, hasa msimu wa kusi. Iinue kutoka sakafuni: wengi wetu tunapiga deki kwa maji mengi, na feni ya chini inavuta matone. Usiifunike kitambaa cha kufuma ikiwa inafanya kazi, hata kama sebule inapendeza hivyo. Ipulize vumbi kila mwezi kwa kipulizio, ukishikilia feni kwa kidole zisizunguke. Meno ya kadi yakififia, yasugue taratibu kwa kifutio cha penseli, kisha yafute kwa spiriti ya isopropili.

Joto la Februari na Machi, chumba kikiwa na nyuzi 32 kabla hata hujawasha, linakula akiba yote ya kupozea. Kadi hujipunguza kasi ili isiungue, nawe unadhani gemu limeharibika. Feni mbili za kasha, moja ikiingiza mbele na nyingine ikitoa nyuma, mara nyingi hurudisha kasi hiyo kwa pesa kidogo. Wenye AC, msiizime na kufungua madirisha papo hapo: hewa ya nje yenye unyevu ikigusa chuma kilichopoa hutoa matone, sawa na chupa ya soda iliyotoka kwenye friji. Acha mashine ipate joto la chumba kwanza.

Stima ikipotea na kurudi ghafla?

Hatari zaidi ni ile dakika inaporudi, na nyumba zenye pampu ya kisima hupata mshuko wa volti kila pampu inapoanza. Usichomeke kompyuta kwenye ekstensheni moja na pampu, friji au pasi. Pata UPS, boksi la betri la akiba, ikupe dakika chache za kuhifadhi kazi na kuzima.

UPS yenyewe ina mipaka. Iliyoandikwa 650VA kwa kawaida hubeba kama wati 360, basi kompyuta yenye RTX 3060 na monita juu yake, gemu likipamba moto, inaifikisha ukingoni. Na UPS nyingi za bei nafuu hutoa umeme wa mawimbi ya ngazi ngazi, ambao baadhi ya pawa saplai za kisasa haziupendi, zikazima umeme unapokatika, wakati ule ule ulioinunulia. Ijaribu: hifadhi kazi zako, anzisha gemu, chomoa UPS ukutani. Ikizima, ubadilishe UPS kabla ya kulaumu pawa saplai.

Prosesa yangu ni ya zamani. Kadi kubwa itapotea bure?

Sehemu yake itapotea. Core i5 ya 2013 yenye RX 6600 itacheza vizuri, ila gemu zenye watu wengi zitakatakata. Ukinunua kadi kubwa kuliko hapo, pesa hiyo ingefaa zaidi kwenye ubao mama na prosesa mpya. Na ikiwa RAM ni gigabaiti 4 au diski ni ile ya kuzunguka, anza huko.

Mwanangu anataka kadi kwa masomo. Ni lazima?

Mama, kwa kuandika, intaneti na masomo ya mtandaoni si lazima. Grafiki iliyo ndani ya prosesa inatosha. Akisema ni ya AutoCAD, Blender au kuhariri video, hapo ana hoja, mwache akuonyeshe kazi yenyewe.

Naweza kubadilisha mwenyewe?

Unaweza, bisibisi moja inatosha. Zima, chomoa ukutani, bonyeza kitufe cha kuwasha mara kadhaa umeme uliobaki uishe. Gusa chuma cha kasha kabla ya kugusa kadi. Piga picha ya waya zote kabla hujachomoa hata mmoja. Mwisho wa tundu la kadi kuna kilatchi kidogo cha plastiki. Kibonyeze kwanza, kwa maana wengi huvuta kadi kwa nguvu na kulivunja tundu. Kadi mpya ikiingia utasikia "tak". Funga skrubu ya bati, chomeka waya wake, kisha ndipo ufunge kasha. Ukitoka kadi ya AMD kwenda NVIDIA au kinyume chake, safisha draiva za zamani (programu zinazoiendesha kadi) kwa programu ya Display Driver Uninstaller.

Ukiisafirisha kwa tuktuk au kuvuka feri, toa kadi uibebe pembeni. Kadi nzito ikitikiswa barabarani hulipasua tundu.

Nimeweka kila kitu, skrini ni nyeusi.

Kwanza, waya wa monita uko wapi? Mara nyingi bado umechomekwa kwenye ubao mama. Uhamishie kwenye kadi. Kisha hakikisha waya wa umeme wa kadi umeingia. Kisha chomoa kadi uirudishe. Kwenye mashine za ofisini za zamani, BIOS ya zamani (programu ya ubao mama inayoiwasha mashine) inaweza kuikataa kadi mpya: rudisha grafiki ya ndani, sasisha BIOS kutoka tovuti ya Dell au HP, ujaribu tena. Hakikisha UPS iko wakati huo, kwani stima ikikatika katikati ya kusasisha BIOS ubao mama unaweza usiwake tena.

Tokeni zitaisha haraka?

Kompyuta inayokula wati 250 kwenye gemu, saa 4 kila siku, kwa siku 30, ni uniti 30. Pawa saplai ya wati 750 haili 750 muda wote, inavuta kile kinachohitajika tu.

Pawa saplai ya zamani imekufa. Naweza kuifungua nione fyuzi?

Usiifungue. Kapasita zake hubaki na mamia ya volti hata baada ya kuchomolewa, na fyuzi ikiungua huwa kuna kingine kilichoiunguza. Fyuzi unayoweza kuigusa ni ile ya plagi ya ukutani, ya ampea 13. Ijaribu kwanza, na ujaribu waya mwingine pia. Ikiwa bado ni kimya, mpelekee fundi wa vifaa vya umeme aliye na mita.